Mhariri, ile mashine ya sumaku ichemshe maji kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua maana hili suala la vijana wetu wa klabu ya nishati hapa Mtwara na ile mashine yao ya gurudumu la sumaku inayosemekana inajizalishia umeme yenyewe naona limeshakuwa kubwa kuliko lenyewe, ukikaa kijiweni ni hilo, ukipanda bajaji ni hilo, ukienda msibani napo kuna mtu anakuonyesha video kwenye simu. Wapo wanaosema wale ni matapeli polisi wawafuate, na wapo wanaosema wale watoto wamegundua umeme usioisha ila kuna wakubwa wanawabania. Mimi ni fundi feni na redio, nakaa kata ya Reli (reli yenyewe iling'olewa zamani, usije ukaitafuta), na vijana hao nawajua vizuri kwa sababu waya wa shaba wanaozungushia koili zao mwingi umetoka kwenye feni zilizoungulia mezani kwangu. Nasema pande zote mbili wamekosea, na kinachoniuma zaidi ni kwamba mji mzima unabishania kitu kimoja kisichofanya kazi wakati vile vinavyofanya kazi vimekaa pembeni pale uani kwa klabu hakuna anayevipiga hata picha.

Nianze na jiko maana hilo ndo lingetakiwa kuwa habari. Kila mtu huku kusini anajua ganda la korosho lilivyo, lina yale mafuta yake yanababua, mama zetu wanaobangua kwa mkono wanapaka majivu vidoleni na bado ngozi inabambuka. Ukilichoma hivi hivi kwenye mafiga linawaka kweli tena kwa hasira, lakini ule moshi mweusi unaingia machoni unawasha mpaka unakimbia jiko lako mwenyewe, na sufuria inakuwa na masizi ya kunata ambayo steelwire yenyewe inasalimu amri. Sasa hawa vijana wamechukua debe la bati wakaweka kopo jingine ndani yake, chini wametoboa matundu kwa msumari, juu karibu na mdomo wametoboa mstari mwingine wa matundu, halafu pembeni wamechomeka kale kafeni kadogo kanakotoka kwenye kompyuta mbovu, kanakula volti 12 tu na paneli ndogo ya sola inakatosha. Maganda yakishakauka vizuri unajaza kopo, unawasha JUU sio chini, hapo ndo watu wengi wanashangaa. Dakika za mwanzo moshi upo sikatai, lakini moto ukishashika ule moshi wenyewe ndo unageuka kuwa gesi, unapanda, unakutana na hewa inayoingia kwa yale matundu ya juu unaungua hapo hapo chini ya sufuria. Nimesimama pale nimeangalia maharage yanachemka na mtu kavaa shati jeupe yuko jirani na jiko. Na mwisho wa shughuli kwenye kopo yanabaki makaa, ukiyawahi kabla hayajawa majivu unapigia nayo pasi.

Lina kasoro zake. Kale kafeni kakizima katikati ya mapishi moshi unakurudia wote kwa mkupuo, kwa hiyo sio jiko la kuingiza ndani ya nyumba, na mimi nimewaambia waandike hivyo kwa rangi nyekundu ubavuni kabla hawajampa mtu. Lakini fikiria, Mhariri. Korosho yetu nyingi inapanda meli bado mbichi na ganda lake inaenda kubanguliwa India na Vietnam, na katika ule uzito zaidi ya nusu ni ganda, yaani tunawasafirishia na kuni. Yale machache yanayobaki kwa wabanguaji wa hapa tunayatupa au tunayachoma ovyo. Halafu huku huku tunanunua mkaa, sisi ambao gesi asilia iligunduliwa Mnazi Bay tangu mwaka 1982, sisi ambao mwaka 2013 tulipigizana kelele kuhusu bomba la kupeleka gesi hiyo Dar mpaka nchi nzima ikasikia, bomba likajengwa likazinduliwa 2015 na gesi inasafishwa pale Madimba ikaenda zake, na wengi wetu bado jikoni ni mkaa. Serikali imetoa mkakati wa nishati safi ya kupikia mwaka 2024, inataka mpaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Sisemi jiko la maganda ndo jibu la huo mkakati, moshi wa kuwashia bado upo na mtu mwenye vifaa aupime. Nasema tu mtoto wa Mtwara akikaa akafikiria ganda la korosho anafikiria kitu chake.

Kingine ni pangaboi lao la upepo, lile lililosimikwa Shangani. Hapa nitoe elimu kidogo maana watu wananiletea feni mbovu kila siku wakidhani ukiizungusha kwa upepo itatoa umeme, jamani feni ya kawaida ya nyumbani haina sumaku ndani, izungushe mpaka Krismasi haitakupa kitu. Vijana wao wametumia mota ya mashine ya fotokopi iliyokufa, ile ina sumaku na hata ikizungushwa polepole inatoa umeme, kidogo lakini unatoka. Mapanga wamekata kwenye bomba la plastiki la maji machafu. Kusi likivuma sawasawa linachaji simu na kuwasha taa mbili tatu, likilegea ni pambo, na wenyewe wanakwambia hivyo hivyo bila kukuficha. Upepo una hesabu moja wengi hawaijui, kasi yake ikipanda mara mbili nguvu inapanda mara nane, na ikishuka nusu unabaki na sehemu moja tu ya nane, ndo maana mtu anaona pangaboi linazunguka anadhani kuna umeme wa kutosha kumbe ni wa kuwashia tochi. Nguzo wameiwekea bawaba chini ili wailaze, na nimewasifu kwa hilo, maana Aprili 2019 kile kimbunga Kenneth kilivyotusogelea tukajifungia ndani nadhani hakuna aliyesahau, kikaenda kupiga Cabo Delgado kule Msumbiji, na Hidaya Mei 2024 nacho hakikuwa mbali. Adui wao wa kila siku ila ni chumvi, inakula beringi kama mchwa.

Biogesi yao ya mabibo, yale matunda ya mkorosho, bado haijakaa sawa. Mabibo yana sukari nyingi yanachachuka haraka na ile tindikali inaua vijidudu vinavyotengeneza gesi, wanachanganya na kinyesi cha mbuzi na majivu wanahangaika nayo. Kuna wazee wanasema mabibo yaachwe yaende kwenye uraka, ile pombe yake, kama kawaida, mimi huko siingii.

Sasa nije kwenye chanzo cha fujo yote. Kuna kasakiti kadogo wanatengeneza, transista moja, rezista moja, na kale kapete keusi unakokatoa kwenye balbu mbovu za enaji seva unakazungushia nyaya mbili. Ukichukua betri ya redio iliyokwisha, ile ya volti moja na nusu ambayo redio imeshaikataa, ukaifunga hapo, taa ndogo ya LED inawaka na inaendelea kuwaka usiku mzima. Kitu kizuri sana, bibi zetu vijijini wanakipenda, na mafundi duniani kote wanakijua. Lakini kule kuwaka hakuna muujiza, betri iliyokwisha haijaisha yote, imeshuka volti tu, na kasakiti kanakusanya kile kilichobaki kanakitoa kwa vishindo vidogo vidogo vya haraka mpaka volti zinatosha kuwasha taa. Ukisubiri nayo inakufa kabisa.

Kijana mmoja pale klabuni, mtundu na mwenye mikono safi kuliko mafundi wengi ninaowajua, akaona hivyo akapiga hatua nyingine. Akatengeneza gurudumu lenye sumaku pembeni, koili zimelizunguka, betri moja inalisukuma na betri ya pili inapokea kile kinachorudi kutoka kwenye koili. Gurudumu linazunguka vizuri ajabu, halina kelele. Akapima kwa testa, kile kipima umeme cha mafundi, akaona kinachorudi ni kikubwa kuliko kinachotoka. Akaizima, akaiacha, akarudi baada ya saa moja akapima betri ya kwanza, volti zimepanda zenyewe. Basi yeye kwa moyo safi kabisa akaamini kitu kimejizalisha, mtu akarekodi, na mengine mnayajua.

Mtoto huyo mimi simlaumu, namtetea. Ila hebu tuambizane ukweli. Nani kati yetu hajawahi kuanika betri za redio juani? Unazianika bati la nyumba, jioni unazirudisha, redio inasema taarifa ya habari mpaka katikati halafu inaanza kukoroma inanyamaza. Jua halikujaza betri, betri imepumzika tu ikakupa mabaki yake. Betri ya asidi nayo ni hivyo hivyo, ukiiondolea mzigo ikatulia volti zinapanda, na testa itakuandikia 12 na ushee ukafurahi, ukirudisha mzigo wa maana inaporomoka. Volti peke yake haikwambii ndani kuna umeme kiasi gani. Halafu hizi testa zetu za bei ya chini zimetengenezwa kupima umeme tulivu wa betri au ule wa ukutani unaopanda na kushuka kwa mpangilio, ukiipa umeme wa vishindo kama unaotoka kwenye zile koili inachanganyikiwa inakupa namba yoyote. Mimi mezani kwangu nimeona testa mbili zikapima waya mmoja kila moja ikasema lake.

Yote haya tungeyamaliza wenyewe klabuni kwa chai na mihogo. Kilichoharibu ni watu wazima. Akatokea bwana mmoja, wa huku sio, kavaa vizuri, ana maneno, akawaambia vijana mashine hii ni ya mabilioni, akaanza kuandikisha watu majina kwa ajili ya "hisa za mwanzo", elfu hamsini kwa kichwa, na wapo wajane na wapo wauza samaki wa pale feri walioandikisha. Wakimuuliza ushahidi anasema hatimiliki iko njiani. Jamani, BRELA, wale wakala wa serikali wa kusajili biashara, wakikupa hataza, yaani hiyo hatimiliki ya uvumbuzi, wanalinda wazo lako lisiibiwe, hiyo karatasi haimaanishi kuna mtu amepima akakuta mashine inatoa zaidi ya inachokula. Na wakimbana zaidi anasema wazungu wameificha hii teknolojia. Hao wazungu anaowasema ndo wametapeliana kwa hii hii mashine miaka na miaka. Akademia ya Sayansi ya Ufaransa ilichoka mapema sana, mwaka 1775 ikatangaza kwamba haitapokea tena maombi ya watu wenye mashine zinazojiendesha milele. Marekani kulikuwa na mtu anaitwa John Keely, Philadelphia, huyu alichangisha matajiri wa New York na kwao miaka zaidi ya ishirini kwa injini yake aliyodai inapata nguvu kwenye maji na hewa kwa njia anayoijua yeye tu, kila mwaka bado kidogo, kila mwaka inahitaji fedha kidogo tena. Alipokufa 1898 watu wakaingia karakana yake wakachimbua sakafu, wakakuta tufe kubwa la chuma na mabomba yamefichwa chini, wakaamini ilikuwa inaendeshwa na hewa iliyogandamizwa. Fedha hazikurudi.

Wala tusiende mbali mpaka Marekani. Wazee wa Nachingwea wanaujua mpango wa karanga wa Waingereza, ule wa baada ya vita ya pili, trekta zikaletwa, bandari ya Mtwara ikajengwa na reli ikatandikwa kwa ajili ya karanga ambazo hakuna aliyekuwa amejaribu kuzilima hapo kwa kiwango hicho, udongo na mvua vikaja kupimwa kwa hasara, na mwaka 1951 wakafunga. Mamilioni ya pauni. Wale walikuwa na wataalam na serikali nzima nyuma yao. Sisi tuna bwana mwenye daftari.

Kwa hiyo ninachoomba ni kitu rahisi, na nimeshawaambia vijana na wamekubali, tena huyo mwenye mashine ndo wa kwanza kukubali. Tuachane na testa. Tuchemshe maji. Maji hayadanganywi na vishindo vya koili. Kuna Mwingereza aliitwa James Joule, baba yake alikuwa na kiwanda cha bia, miaka ya 1840 alikuwa anakoroga maji kwa mapanga yanayovutwa na uzito unaoshuka halafu anapima maji yamepata joto kiasi gani, na hesabu zake ndo mpaka leo watoto wetu wanafundishwa shuleni. Hesabu yenyewe ni hii. Lita moja ya maji ya bomba hapa kwetu, tuseme yana nyuzi 27, kuyafikisha 100 unahitaji kama wati-saa 85 (wati-saa moja ni kitu cha wati moja kikiwaka saa nzima). Kila betri ya ile mashine ni ya volti 12 na ampea-saa 7, zile tunazoita ampea 7, zidisha, wati-saa 84. Yaani betri hiyo ikiwa imejaa mpaka juu na hakuna hata chembe inayopotea, inakaribia kuchemsha lita moja tu na hapo imekufa, na kiukweli haifiki maana betri ndogo ukiinyonya kwa nguvu haitoi yote.

Sasa tuiweke mashine mezani, betri zake mbili hizo hizo, tuongeze na ya pili kwenye hesabu ili mtu asiseme tumembania, zinakuwa wati-saa 168, lita mbili kasoro. Tufunge hita ndogo ya volti 12 ile ya kwenye magari, tuitumbukize kwenye chupa ya chai yenye lita moja na kipimajoto. Ikifika tunamwaga tunaweka lita nyingine, betri hazibadilishwi, hazichajiwi, hakuna waya unaotoka chini ya meza wala unaoingia kwenye sola. Kama ile mashine inajizalishia basi lita ya tatu itachemka, na ya nne, na ya kumi, tutakaa pale mpaka asubuhi. Ikifika ya tano mimi mwenyewe nitatoa elfu hamsini yangu na nitamtafuta waziri kwa miguu. Nadhani haitamaliza ya pili, lakini nadhani yangu si hoja, chupa ndo itasema.

Walimu wa umeme wa VETA hapa Mtwara naomba waje wasimamie, na waje na kile chombo cha kuchora mawimbi ya umeme ili huyu kijana aone kwa macho yake testa ilikuwa inamdanganya wapi, maana hilo ndo litamfaa maisha yake yote kuliko makofi. Yule mtoto akipata kujua kupima atakuwa fundi hatari. Zile koili alizosokota kwa mkono, waya umelala sambamba mzunguko kwa mzunguko hakuna ulioruka, mimi miaka yote hii kazini siwezi kusokota vile. Kuna mota za pampu zinaungua kila kiangazi huko Newala na Tandahimba ambako maji yenyewe ni shida, zinasafirishwa Dar kusokotwa upya watu wanasubiri wiki. Kazi ipo hapo.

Na jiko la maganda lipelekwe SIDO, shirika la viwanda vidogo, waliangalie, na likishanyooshwa liende MAKISATU, yale mashindano ya kitaifa ya sayansi na ubunifu, na liende Nane Nane pale Ngongo, Lindi, wakulima walione na walitukane kabisa kama linastahili, wakulima wetu hawana aibu ya kukwambia kitu kibovu. Gharama yake haifikii hata robo ya jamvi la makaribisho alilowekewa yule bwana wa hisa.

Kwako Mhariri nina ombi moja kidogo na usinichukie. Gazeti likitaka kuandika habari ya mvumbuzi yeyote, mwandishi wako aulize maswali mawili tu: inakula wati ngapi, inatoa wati ngapi, na nani amepima zaidi ya mwenye mashine. Naona yamekuwa matatu, aulize yote. Mkiandika "kijana agundua umeme wa bure" bila hizo namba mnampa yule bwana tangazo ambalo angelilipia, na mkiandika "matapeli wanaswa" mnamuua mtoto ambaye hajachukua shilingi ya mtu.

Wale mlioandikisha majina, kama hamjatoa hela msitoe, kama mmetoa dai risiti leo na uone utajibiwa nini.

Jumamosi ijayo saa nne asubuhi tuko uani kwa klabu, chupa ya chai ninayo, kipimajoto tumeazima, hita imeshapatikana kwa fundi magari wa Magomeni. Mwenye betri ya ampea 7 mpya aje nayo tuifanyie jaribio hilo hilo pembeni bila mashine yoyote ili watu walinganishe. Bwana wa hisa naye tumempelekea taarifa kwa simu, mpaka naandika barua hii hajajibu ila ujumbe umesomwa.

Wako,
Fundi feni,
Reli, Mtwara